Felisiani Tluway na Mabua ya Oldeani

Baba Paroko, wazee wa Gidamba na wa ng'ambo ya korongo, wafanyakazi wenzake kutoka kituoni, mzee wetu Ngoyai uliyepanda lori la misheni tangu Endulen, shemeji yangu Antonia na watoto, mimi ni Piusi Tluway, mdogo wake marehemu anayemfuata ziwa, dereva wa trekta kule Oldeani, na najua wengi wenu mnanifahamu zaidi kwa mdomo wangu kuliko kwa trekta. Mwenyekiti wa kamati amenipa robo saa na ameniomba nisitoke nje ya karatasi, nami nitajitahidi, lakini karatasi nimeiandika mwenyewe, tarehe zote nimezitoa kwenye madaftari ya marehemu, na ndani yake kuna jina la mtu aliye hai ambalo lazima lisafishwe leo kabla jeneza halijashuka.

Marehemu Felisiani Tluway alizaliwa tarehe 4 Machi 1941 huko Kainam, Mbulu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya sita wa marehemu mzee Tluway Amsi na mama yetu Hyasinta, ambaye amekaa pale mbele, na ambaye leo anazika mtoto kwa mara ya tatu, pole sana mama. Mwaka 1952, ardhi ya Kainam ilipokuwa imebana, baba alishuka na familia na ng'ombe kumi na mmoja hadi hapa Gidamba, akafyeka, akajenga nyumba hii hii mnayoiona, na Felisiani, mwenye miaka kumi na mmoja, ndiye aliyehesabu ng'ombe njiani kila jioni, kwa sababu tangu utotoni alikuwa haamini kitu mpaka akihesabu.

Elimu ya msingi aliianza Kainam mwaka 1950 na kuimalizia shule ya misheni Karatu mwaka 1953, kisha akaendelea na shule ya kati kuanzia 1954 hadi 1957, akafaulu darasa la nane, ila nafasi za kwenda mbele zilikuwa chache, na majina ya watoto wa huku yalikuwa yakifika mwisho wa orodha. Mama hukumbuka kwamba wakati huo alimchapa kwa kuficha uvunguni kopo la mahindi ya kuchemsha yaliyooza, akitaka kuona ule ukungu utageuka rangi ngapi, na baada ya kuchapwa kopo lilihamia kwa bibi, likaendelea kuoza kwa amani.

Januari 1958 aliajiriwa kwenye kitalu cha miche katika shamba moja la kahawa Oldeani, akakaa miaka kumi na mitatu, na mwaka 1966 ndiye aliyeniombea mimi kazi ya trekta, kazi ninayokula nayo mpaka leo. Tarehe 3 Mei 1971 alichukuliwa kuwa mhudumu wa maabara kwenye kituo kidogo cha majaribio ya nafaka, akaanza kwa kuosha vioo, mwaka 1974 akapelekwa mafunzo ya miezi sita Tengeru, na mwaka 1976 alipokuja Dakta Aikande, bingwa wa magonjwa ya mimea kutoka Machame, ambaye yupo nasi hapa, vioo vikapata mwoshaji mwingine, Felisiani akakalishwa kwenye hadubini, na hakuinuka hapo miaka kumi na moja.

Sasa nieleze kazi hiyo, maana tulimcheka bila kuijua, na lile jina la Bwana Ukungu ni mimi niliyelitunga, pale kilabuni. Ugonjwa wa mahindi tunaouita bakajani, yale madoa marefu ya kijivu yanayokausha jani kuanzia chini, unaletwa na kuvu, na kuvu hiyo huzaa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vumbi jeusi linalotoka juu ya doa na kupeperushwa na upepo, na hapo mtoto ni mama yule yule, hakuna kipya. Njia ya pili inataka wawili, kwa sababu kuvu hiyo haina dume wala jike ila ina namna mbili, ya kwanza na ya pili, namna moja ikikaa peke yake hata miaka mia haitapata mtoto wa njia hiyo, lakini zikikutana kwenye bua lililolowa, mahali pa baridi, wiki chache tu zinatoka punje nyeusi ndogo kama ulezi uliosagwa, ndani ya punje kuna vifuko, ndani ya kifuko kuna watoto mpaka wanane, na watoto hao wamegawana tabia za pande zote mbili kama watoto wa watu. Dakta alikuwa akitafuta ni kitu gani ndani ya kuvu kinachoiamuru itoe vumbi jingi au kidogo, na kinachoiamuru ikubali kuoana au ikatae, na Felisiani alikuwa akiziozesha juu ya nyasi kavu za shayiri, kisha anatoa watoto mmoja mmoja kwa sindano na kumpa kila mmoja kichupa chake. Miaka ile ya uhaba, spiriti ya kuunguzia sindano ilipokosekana, kituo kiliendelea kwa kinywaji fulani kikali kilichotoka Oldeani, aliyekuwa akikipeleka ni mimi, Baba Paroko anisamehe, na nathibitisha kwamba chote kiliungua.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Antonia tarehe 22 Januari 1972 katika parokia ya Karatu, na Mungu akawajalia watoto wanne, Cresensia aliyezaliwa 1973, Thadei 1975, Raphaeli aliyezaliwa Julai 1978, na Christina 1982. Walipendana jamani, tena kwa utulivu, mtu angeingia humu ndani akafikiri wamenuniana, kumbe wanachambua maharage.

Raphaeli alitutoka tarehe 27 Septemba 1979 kwa surua, akiwa na miezi kumi na minne, bado ananyonya. Kwa wageni wetu wasiojua, mtoto wa kunyonya akifa, au mke akifiwa na mume, wazee wetu huweka nyumba hiyo chini ya mwiko tunaouita metimani, watu wake hawachangamani na wengine, hawachoti maji kwenye kisima cha wote, na ng'ombe wao hawatoki kwenda malishoni wasije wakapeleka kifo kwenye maboma ya wenzao, na baba yetu, Mkristo wa kuhudhuria misa kila Jumapili, alishikilia mwiko huo wote bila kupunguza. Basi ng'ombe wanane walibaki ndani, na majirani, kwa wema wa watu wa Gidamba ambao sijauona kwingine, walileta mabua ya mahindi, kila nyumba mzigo wake, yakalundikwa pale nyuma ya zizi, na mimi tarehe 14 Oktoba, siku ya Jumapili, nikashusha kutoka Oldeani mkokoteni mzima, mwendo wa saa tatu, nikajisikia mtu kweli kweli.

Lakini kabla ya hapo, Jumanne tarehe 2 Oktoba, Cresensia naye alishikwa na surua ile ile, homa inawaka, mdomo umekauka, mtungi ndani mtupu, aliyepewa zamu ya kuwaletea maji amechelewa, na Antonia, siku tano tu baada ya kumzika mwanawe, alichukua ndoo akaenda kisima cha juu mchana kweupe akachota. Alionekana. Hakukana, wala hakuomba radhi, alisema tu kwamba mmoja amekwisha mzika na wa pili hamziki kwa sababu ya ndoo.

Mwaka 1980 tulipanda tena ile mbegu mpya tuliyosifiwa kuwa bakajani haiiwezi, na kweli misimu miwili ya nyuma ilikuwa imesimama kijani kibichi, lakini Aprili ile majani yaliungua Gidamba nzima, kuanzia shamba la Felisiani kwenda chini kwa mkondo wa upepo, na mtu aliyezoea magunia ishirini akapata mawili ya mahindi vibogoyo. Njaa ile mnaikumbuka. Wakaanza watu kuuliza kosa ni la nani, na palikuwa na mdomo mmoja uliosema kilabuni, kwa sauti, kwamba mke wa kaka alivunja metimani, amechota mauti kisimani na kuyamwaga mashambani, na mdomo huo ulikuwa wangu, huu huu unaosoma hapa. Maneno hayo yalitembea kuliko bakajani. Wanawake wakaacha kuchota baada yake, akaacha kuitwa kwenye palizi za pamoja, kanisani akahamia benchi la mwisho, na kisima cha juu, kilicho hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake, hajakikanyaga tangu mwaka ule, amekuwa akienda kisima cha chini, saa nzima kwenda na saa moja na nusu kurudi na ndoo kichwani, miaka minane, hata alipokuwa na mimba ya Christina.

Felisiani hakugombana na mtu. Alikuwa na kawaida, tangu 1976, ya kukausha majani yenye madoa na kuyabana ndani ya magazeti ya zamani, kila msimu na kijiji chake, na tarehe 9 Desemba 1979, baada ya mvua za vuli kulowesha lile lundo nyuma ya zizi, alikuwa ameona juu ya bua punje nyeusi ambazo hajawahi kuziona nje ya maabara, akakata kipande akakibana nacho. Kuanzia 1981 aliyafufua majani yale moja baada ya jingine kwenye mchuzi wa viazi uliogandishwa, kwa ruhusa ya Dakta, baada ya saa za kazi, akakuta kwamba Gidamba kabla ya msiba ilikuwa na namna ya kwanza peke yake, kuvu yenye vumbi jingi ajabu lakini isiyoiweza ile mbegu mpya, na Oldeani ilikuwa na namna ya pili peke yake, yenye vumbi haba lakini inayoitafuna mbegu mpya, na tangu 1980 Gidamba ina namna zote mbili. Akaziozesha mwenyewe, ile ya Gidamba ya 1978 na ile ya Oldeani ya 1979, mara tatu zikakataa kwa sababu ya joto, mara ya nne zikakubali, akatoa watoto mia mbili na kumi na wawili, akawajaribu wote kwenye miche, na hamsini na watano walikuwa na vyote viwili, vumbi jingi la mzazi mmoja na meno ya mzazi wa pili, kadiri ya robo, kama Dakta alivyomwambia ingetokea ikiwa kila tabia inaamriwa na kitu kimoja kinachorithiwa. Watoto hao hamsini na watano na kuvu iliyotuletea njaa hawakuwa na tofauti. Matokeo yana tarehe 19 Agosti 1985, na ripoti ya Dakta ina jina la kaka yangu la pili baada ya lake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ndoo ya Antonia haikuua hata bua moja. Kilichotuunguza kilizaliwa kwenye lundo la mabua nyuma ya zizi hili, lundo la huruma, mabua ya pande mbili yaliyolaliana na kunyeshewa mvua, na hakuna mwiko uliovunjwa hapo, tena ni mwiko ulioshikwa sawasawa ndio uliowafungia ng'ombe ndani na kuyaita mabua.

Mtauliza kwa nini hakusema. Nami niliuliza, nikamuuliza shemeji Alhamisi hii, baada ya kusoma daftari la mwaka 1985, na alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Alisema Felisiani alitaka kusimama mbele ya mkutano wa kijiji siku ya pili yake, na yeye ndiye aliyemkataza, kwa sababu watu wakisikia kwamba mabua ya msiba yaliua mahindi hakuna atakayepeleka tena majani kwenye nyumba yenye msiba, na yeye anajua kukaa na ng'ombe wanaolia njaa huku umetoka kumzika mtoto kulivyo, afadhali atembee kisima cha chini. Jambo la pili, alisema, majirani wote walileta mabua ya hapa hapa Gidamba, ya Oldeani yaliletwa na mtu mmoja.

Ndiyo. Daftari la mwaka 1979, tarehe 14 Oktoba, kwa mwandiko wake ule mdogo, limeandikwa hivi: mabua, mkokoteni mmoja, kutoka Oldeani, ameleta Piusi kwa huruma. Na mwaka 1985, chini ya hesabu ya wale hamsini na watano, ameandika: Piusi asiambiwe, alileta kwa huruma. Miaka mitatu alikaa nami, akala nami Krismasi, akanisikiliza nikimwita Bwana Ukungu mbele ya wanawe, akijua kwamba niliyeleta ugonjwa ni mimi na niliyemtwika mkewe ni mimi, na hakunionyesha hata kwa jicho. Alichofanya ni kuchoma mabua yake kila mwaka, na kutubembeleza kila mkutano wa nyumba kumi tuyachome au tuyafukie kabla ya vuli, nasi tukasema mtu mwenye ng'ombe anayechoma mabua akapimwe akili, na aliyecheka zaidi mnamjua.

Shemeji Antonia, kosa la kubeba mabua nililifanya bila kujua, na hilo Mungu atalipima mwenyewe, lakini kosa la mdomo nililifanya kwa makusudi, kwa sababu palikuwa na njaa na nilitaka awepo wa kulaumiwa. Mbele ya mwili wa kaka yangu, mbele ya mama, mbele ya kijiji, nasema nilikusingizia, na nakuomba msamaha. Usinijibu leo.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika mwaka jana, tarehe 20 Januari 1987, akiwa Endulen, alikokwenda kutafuta majani ya mtama mwitu, ambao nao hushikwa na bakajani, akitaka kujua ni namna gani ya kuvu inayoishi mahali ambapo kilimo kimezuiwa na mahindi hayapo. Alianguka njiani, mzee Ngoyai na vijana wake wakaacha ng'ombe wakambeba hadi hospitali ya misheni, ikaonekana ni ini, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi tena mara tatu, na mwezi wa nane mwaka huu aliporudi nyumbani mara ya mwisho alinikabidhi madaftari, akisema nitayahitaji kwa ajili ya tarehe, kila kitu kimo, nisibuni. Nilifikiri ananipa kazi ya ukarani. Alifariki hapa nyumbani Jumatano tarehe 12 Oktoba 1988, saa nne asubuhi, Antonia akiwa amemshika mkono, akiwa ameishi miaka arobaini na saba, miezi saba na siku nane, na ameacha mke, watoto watatu, mama, na vichupa mia tatu ambavyo Dakta Aikande amevichukua jana, kila namna kwenye sanduku lake.

Familia inawashukuru madaktari na masista wa Endulen kwa kumhudumia bila kuchoka, inamshukuru mzee Ngoyai na boma lake, inamshukuru Dakta Aikande na wafanyakazi wote wa kituo kwa kumwita Bwana Felisiani wakati sisi tulikuwa na jina jingine, inamshukuru Baba Paroko, wanakwaya, wachimba kaburi, na akina mama waliopika tangu juzi. Na inawashukuru majirani, lakini hapo nina ombi. Tangu jana, kwa kuwa nyumba hii imefiwa tena, mmeanza kuleta mabua, nimeyaona nyuma ya zizi, mizigo kumi na minne, mengine yametoka ng'ambo ya korongo, mengine Oldeani, na vuli iko mlangoni. Asanteni sana, wala msiache kuleta, maana Antonia alitembea miaka minane ili msiache, ila leteni nyasi mbichi, leteni migomba, leteni majani ya viazi, ng'ombe hawatabagua. Na wazee mkiamua metimani iwekwe, wekeni, siwafundishi kazi yenu, lakini kisima cha juu kitabaki wazi kwa mjane huyu, na kesho asubuhi atakayetangulia njiani na ndoo kichwani, mkitaka kucheka chekeni, ni mimi.

Kaka, nimesoma kama ulivyoandika, sikubuni hata tarehe. Pumzika kwa amani, mabua nitayachoma mimi.